Hell's Gate kwa Baiskeli: Tulianza na Saa, Ramani Baadaye

Hell's Gate, jirani na Ziwa Naivasha, ni mbuga ndogo: kilomita za mraba 68 na ushei. Ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kupita katikati ya wanyama kwa baiskeli, na ndiyo maana Jumamosi hufurika. Mabasi ya shule, familia kutoka Nairobi, baiskeli za kukodi kwa makumi. Karibu wote huingilia lango la Elsa, hushuka bonde hadi korongo la Ol Njorowa, kisha hurudi walikotoka. Tulipopanga safari ya watu sita, kilichotuumiza kichwa si njia bali saa.

Kutoka Elsa hadi korongoni ni kama kilomita 8 za murram inayoteremka kidogo kidogo. Anayekwenda hausikii mteremko huo. Anayerudi saa nane mchana anausikia magotini, maana upepo umeshaamka na magari yanamtimulia vumbi. Basi tukaamua tusirudi: tuingie Elsa saa kumi na mbili asubuhi, tutokee lango la Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, tushuke kwa lami hadi barabara ya Moi South Lake.

Mwenzetu mmoja alitaka tuanzie Olkaria, mlima mkali tuumalize kungali baridi. Hoja yake ilikuwa nzito. Lakini tungekutana uso kwa uso na umati, sisi tukipanda, wao wakiteremka juu ya baiskeli ambazo breki zake wamezijua asubuhi hiyohiyo. Heri mlima.

Kwenye ratiba tuliacha dakika 45 tupu, na ndizo zilizotuokoa. Mbele kidogo ya Mnara wa Fischer, lile jabali la mita 25, nyati dume alisimama kando ya barabara, tope limemkaukia mgongoni na kupasuka kama sakafu ya kidimbwi, ndege wawili wakimdonoa kupe masikioni. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna atakayepita kati ya nyati na kichaka chake. Tulisubiri dakika 20, mpaka akaondoka kwa hiari yake. Msafara usio na muda wa ziada hapo ndipo unapojaribu kupenya, na huo ni uamuzi wa hatari kabisa.

Kosa letu lilikuwa pampu. Tulimpa kiongozi, naye alikuwa mbele sana mwiba wa mgunga ulipotoboa tairi la mtu wa mwisho. Pampu, tyubu na viraka ni mzigo wa anayefunga msafara, kwa sababu yeye ndiye anayempita kila aliyekwama.

Korongo lenyewe tuliliweka kuwa la hiari. Mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu humo. Mvua hunyesha juu, mbali, na maji huwafikia walio chini kati ya kuta ambazo hazina pa kukimbilia. Kwa hiyo njia nzima tuliipanga iweze kukamilika bila kushuka humo. Siku ile mawingu mazito yalikuwa yametanda upande wa milimani. Tukapita.

Saa tatu na nusu tulikuwa tunapanda Olkaria kwa gia ndogo kabisa, mvuke ukinguruma kwenye mabomba. Nyuma yetu, upande wa Elsa, vumbi la magari ya kwanza lilikuwa limeanza kupanda bondeni.