Punda Aliyejua Kusoma

Sisi walimu twapenda kuwaambia wazazi ya kwamba mtoto ajuaye kusoma hatadanganywa na mtu. Nami nimelisema neno hili mara nyingi, tena kwa sauti kubwa, siku za kuandikisha watoto. Lakini jioni moja, katika darasa la watu wazima, mzee mmoja aliniuliza swali nisiloweza kulijibu upesi. Tulikuwa tukisoma kitabu cha George Orwell, Mwingereza, kilichopigwa chapa London mwaka 1945, ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, kikatoka mwaka 1967. Mzee akasema, "Mwalimu, punda huyu alijua kusoma tangu mwanzo. Mbona alinyamaza?"

Kwa ajili ya wasiokisoma, habari yenyewe ni hii. Wanyama wa shamba moja la Uingereza wamfukuza bwana wao, Jones, mtu mlevi, wapate kujitawala wenyewe. Amri zao saba zaandikwa ukutani mwa banda kubwa kwa herufi nyeupe, ili wote wazione. Nguruwe, kwa kuwa ndio wenye akili, washika uongozi. Na miaka ikipita mkuu wao, Napoleon, awa bwana mkali kuliko Jones. Orwell alikusudia mambo ya Urusi baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, na Napoleon ni mfano wa Stalin.

Watu wengi wakisimulia kitabu hiki hutaja mbwa kwanza. Ni kweli, mbwa wamo: Napoleon aliwatwaa watoto tisa wa mbwa, akawalea kwa siri, na walipokua wakamfukuza mshindani wake, Snowball. Lakini mbwa tisa hawatoshi kulinda shamba zima usiku na mchana. Kwa maoni yangu sehemu iliyo bora ya kitabu ni ya mapema zaidi, kabla mbwa hao hawajamtisha mnyama yeyote, nayo ni habari ya maziwa.

Siku ya kwanza ya uhuru ng'ombe walikamuliwa, zikajaa ndoo tano. Wanyama wakaenda kukata majani, na waliporudi jioni maziwa hayapo. Baadaye ikajulikana ya kuwa yalichanganywa na chakula cha nguruwe, na matofaa nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Ndipo akaja Squealer, msemaji wao, akaeleza kwamba nguruwe wengi hata hawayapendi maziwa; wayatumia kama dawa tu, wapate nguvu za kufikiri kwa ajili ya wote. Tena wasipoyapata, Jones atarudi. Nani amtaka Jones? Wote wakanyamaza. Angalia, ndugu msomaji, hapana aliyepigwa hapo. Waliogopeshwa kwa adui asiyekuwapo, wakaachilia kitu kidogo. Orwell mwenyewe, katika barua aliyomwandikia mhariri mmoja wa Marekani mwaka 1946, alisema kwamba kisa chageuka hapo, na kama wanyama wangalikataa siku ile, mambo yangalikwenda vingine.

Baada ya hapo kazi yawa nyepesi. Mikutano ya Jumapili yafutwa. Kondoo wafundishwa kulia kwa pamoja mtu akitaka kusema. Kuku wakataao kutoa mayai wanyimwa chakula siku tano, hata tisa wafa. Na ukutani amri zaongezwa maneno. Katazo la kulala kitandani lapata neno la shuka, katazo la ulevi lapata neno la kuzidisha. Clover, farasi jike, akumbuka ya kuwa amri haikuwa hivyo, lakini hajui kuunganisha herufi. Amwita Muriel, mbuzi, amsomee, na yaliyoandikwa yashinda anayoyakumbuka. Usiku mmoja Squealer aanguka kutoka ngazini, kando yake brashi na rangi nyeupe. Hapana aelewaye, isipokuwa punda Benjamin. Yeye atikisa kichwa, asiseme neno.

Benjamin alisoma vizuri kama nguruwe yeyote. Mara moja tu asoma kwa sauti mbele ya wote: ni pale farasi Boxer, aliyelijenga shamba kwa jasho lake, anapochukuliwa ndani ya gari ambalo ubavuni pameandikwa jina la mchinja farasi. Wenzake walikuwa wakimpungia kwaheri kwa furaha. Wakimbilia gari, lakini limekwisha shika mwendo.

Hapa sina budi kutaja kasoro ya kitabu. Orwell awafanya wanyama wake wajinga mno. Boxer hakuivuka herufi ya nne, na msomaji aweza kudhani kwamba wangalijua kusoma wote, Napoleon asingalipata njia. Urusi yenyewe yakanusha jambo hilo. Desemba 1919 serikali ya Lenin ilitoa amri kwamba kila mtu wa miaka 8 hadi 50 asiyejua kusoma na kuandika sharti ajifunze, na watu milioni nyingi walifundishwa kweli. Lakini mwaka 1922 ikawekwa idara ya kukagua kila kitu kabla hakijapigwa chapa. Watu wakapewa macho, kisha wakachaguliwa la kutazama. Tena aliyekumbuka vingine alijua habari za kambi za kazi ngumu; ukimya wake haukuwa wa ujinga.

Stalin alikufa Machi 1953. Mwaka ule ule Beria, aliyekuwa mkuu wa polisi ya siri, alikamatwa na kuuawa. Kumbe kitabu kikubwa cha elimu yote cha serikali kilikuwa kimekwisha chapwa na sifa zake ndefu. Basi wenye kukinunua wakapelekewa kurasa mpya, zenye habari za bahari ya Bering na mambo mengine, pamoja na maagizo: wazikate kurasa za zamani kwa mkasi au wembe, wabandike hizi mahali pake. Wanunuzi hao hawakuwa kina Boxer. Walikuwa watu wa elimu, wenye rafu za vitabu nyumbani, na Squealer hakuhitaji tena kupanda ngazi usiku.

Nilimweleza mzee mambo hayo juma lililofuata, nikidhani nimelijibu swali lake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, huyo wa wembe aliogopa kufungwa. Punda hakuwa amepigwa na mtu siku ya maziwa." Kisha akaniomba kitabu akakisome tena nyumbani, na mpaka leo hajakirudisha.