Hesabu kwanza, penseli baadaye: mistari ya Agnes Martin

Ukiitazama kwa mbali "The Tree", kazi ya mchoraji Agnes Martin ya mwaka 1964 iliyo katika jumba la Museum of Modern Art, New York, huoni mti wala jani. Unaona turubai ya mraba, karibu sentimita 183 kila upande, iliyojaa weupe wa ukungu. Sogea karibu, ukungu unageuka mistari ya penseli, na kila mstari una mtetemo wake. Risasi ya penseli imepita juu ya nyuzi za turubai: uzi ulipoinuka imekoleza, ulipobonyea imeruka. Rudi nyuma hatua chache, mtetemo wote unayeyuka.

Wengi husema kazi hizi zinatuliza kwa sababu zinarudiarudia. Mimi nakubali nusu tu. Kurudia peke yake huchosha, na tena huudhi. Siri, kwa maoni yangu, iko katika yale yaliyofanywa kabla penseli haijagusa turubai.

Martin alikuwa akikaa kimya kusubiri picha imjie kichwani, nayo ilimjia ikiwa ndogo, kipimo cha stempu ya posta. Kazi ya kuikuza mpaka ienee futi sita kwa sita aliifanya kwa hesabu, akijaza karatasi kwa sehemu na migawanyo: mistari mingapi, nafasi gani kati yake, ukingo ubaki kiasi gani. Akikosea kidogo kwenye karatasi, kosa hilo linajirudia turubai nzima. Vyumba vya gridi zake havikuwa miraba bali mistatili, na alieleza mwenyewe sababu: mistatili midogo ndani ya mraba mkubwa huupunguzia mraba uzito wake. Uamuzi huo ni wa kihandisi kabisa, ingawa mtazamaji anauhisi tu kama wepesi.

Hesabu ikishakamilika, ndipo rula na penseli zinaingia. Rula fupi haimalizi upana wa turubai; lazima isogezwe, na kila inaposogezwa mkono hutulia kidogo, kisha hukandamiza upya. Kwa hiyo mstari mmoja mrefu una sehemu zilizokolea na zilizofifia. Hapa akili haina tena la kuamua, imebaki kusindikiza mkono. Msusi wa ukili huku pwani analijua hili vizuri: ugumu uko kwenye kuanza, kupanga chane na kuamua rangi ipi ipite wapi, halafu vidole vinakwenda vyenyewe huku mdomo ukipiga soga.

Mwaka 1973 alitoa "On a Clear Day", seti ya chapa 30 za gridi na mistari. Safari hii alitaka mistari isiyo na alama ya mkono, akaikabidhi kwa wachapaji. Ni kazi safi mno. Kwangu mimi zina ubaridi ambao "The Tree" haina, na tofauti yenyewe ni ule mtetemo tu.

Lakini tusimgeuze kuwa mgonjwa aliyejitibu kwa penseli. Martin aliishi na skizofrenia, na kuchora hakukuiondoa. Mwaka 1967 aliacha uchoraji wa turubai, akaondoka New York, akaenda kujenga nyumba ya udongo New Mexico. Hakurudi kwenye turubai mpaka 1974. Wala hakuwa mpole kwa kazi zake: turubai iliyomkera aliichana kwa kisu. Uzeeni, miaka ya 1990, alipunguza kipimo hadi sentimita 152 ili aweze kuinyanyua mwenyewe, akaendelea kuchora karibu mpaka kifo chake mwaka 2004, akiwa na miaka 92.

Ukitaka kujaribu, acha vile vitabu vya kupaka rangi ambamo mtu mwingine amekwisha kukuamulia kila kitu. Chukua karatasi yenye mkwaruzo, pima ukingo, gawanya nafasi kwa hesabu zako mwenyewe, uandike namba pembeni. Kisha piga mistari kwa rula fupi, taratibu, na ufutio uuweke chumba kingine.