Karanga, Kinywe na Muhtasari: Jinsi Zana za Somo Zinavyopatikana Nachingwea na Ruangwa

Katika ufundishaji wa shule za sekondari nchini Tanzania, neno zana hubeba maana pana kuliko inavyodhaniwa na wengi, kwa kuwa hujumuisha kitabu cha kiada, yaani kile kilichoidhinishwa kuwa msingi wa somo, kitabu cha ziada kinachokiunga mkono, ramani, michoro, vifaa vya maabara, na pia kitu chochote halisi ambacho mwalimu hukiweka mbele ya wanafunzi ili wakishike na kukihoji. Kuzitafuta zana hizo ni kazi ya kitaalamu yenye utaratibu wake, na wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zinafaa sana kuichambulia, kwa sababu ziko mbali na maduka makubwa ya vitabu ya Dar es Salaam ilhali ardhi yake, mashamba yake na historia yake vimejaa yale yale ambayo mihtasari ya masomo inayadai. Uhaba upo, wala hakuna haja ya kuukana. Hata hivyo, kinachoharibu masomo mengi ni mtafutaji kuanzia mwisho badala ya mwanzo.

Mwanzo wenyewe ni muhtasari, ambao ndio hati inayoeleza umahiri unaokusudiwa katika kila somo. Kutokana na muhtasari mwalimu huandaa azimio la kazi, yaani mgawanyo wa mada kwa miezi na wiki, na kutokana na azimio huandika andalio la somo la kipindi kimoja kimoja. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, umeukazia zaidi mpangilio huo, kwa vile unataka mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kukitenda kuliko kwa kile alichokikariri. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya mitaala na vitabu vya kiada, imeviweka vitabu vyake katika maktaba mtandao vinakosomwa bila malipo, na kwa mwalimu wa Nachingwea mwenye simu na bando la kutosha maktaba hiyo imepunguza umbali ambao zamani ulipimwa kwa siku za safari.

Lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayompoteza. Mwalimu aliyebanwa na vipindi vingi hufungua simu, huandika jina la mada, hupakua nukuu za mtu asiyemjua, kisha huzinakili ubaoni ili wanafunzi nao wazinakili madaftarini. Nukuu hizo huenda ziliandikwa kwa muhtasari uliokwisha kubadilishwa, mifano yake haina uhusiano na mahali wanafunzi wanapoishi, na kazi pekee anayobaki nayo mwanafunzi ni mwandiko. Mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani nayo hutumiwa vivyo hivyo, ingawa mtihani ni kipimo cha somo lililokwisha kufundishwa na hauwezi kushika nafasi ya somo lenyewe. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine kabisa: mwanafunzi akifanya nini itajulikana kwamba ameelewa, na ni kitu gani kilicho karibu kitakachomwezesha kukifanya?

Swali hilo likiulizwa Nachingwea, jibu mara nyingi ni karanga. Mmea huu hulimwa sana kusini, na kituo cha utafiti cha Naliendele kilichopo Mtwara kimetoa mbegu zake zenye majina kama Pendo, Mnanje na Mangaka. Kwa somo la Biolojia, mche mmoja uliong'olewa kwa uangalifu pamoja na udongo wake una mambo mawili ambayo mchoro wa kitabuni huyaeleza kwa shida. La kwanza ni vinundu vya mizizini, makazi ya bakteria wanaobadili naitrojeni ya hewani kuwa umbo ambalo mmea unaweza kulitumia. Kinundu kikipasuliwa kwa wembe na kuonekana chekundu au cha waridi ndani, bakteria hao wako kazini, na mzizi wa mhindi ukiwekwa kando yake tofauti haihitaji maelezo marefu. La pili ni kikonyo. Ua la njano la karanga huchavushwa juu ya ardhi, na baada ya kutungishwa sehemu ya chini ya ovari hurefuka na kuwa kikonyo, hujipinda kuelekea chini na kuzama udongoni, na huko ndiko ganda linakokua. Mwanafunzi aliyelima karanga tangu utotoni amekwisha kuviona vikonyo hivyo mara nyingi bila kuulizwa ni nini, na sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu ni kuuliza tu.

Hapa ndipo azimio la kazi linapoamua kama zana itapatikana au haitapatikana. Mvua za Lindi ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na karanga huanza kutoa maua yapata mwezi mmoja baada ya kupandwa. Kwa hiyo mada ya uzazi wa mimea ikipangwa Agosti kwa kufuata mpangilio wa kitabu bila kutazama shamba, darasa litaambulia maganda makavu. Mwalimu anayelijua hilo ama huisogeza mada mapema, ama hukusanya miche mwezi Februari na Machi, huikausha kati ya karatasi za magazeti na kuishonea juu ya mfuko wa salfeti uliochanwa na kufuliwa, ambao hudumu kuliko karatasi ya manila na haupati mkunjo usioondoka.

Karanga hiyo hiyo, ikihamishiwa kwenye Historia na Jiografia, hufungua habari ya mpango uliolifanya jina la Nachingwea lisikike hadi katika Bunge la Uingereza. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza kilimo kikubwa cha karanga kwa ajili ya mafuta, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Kati ya hayo, 80 yalikuwa ya Tanganyika, na 55 kati ya hayo 80 yalipangiwa Jimbo la Kusini, ambamo Nachingwea ilikuwamo. Mengine yalikuwa ya Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Takwimu hizo peke yake zinatosha kipindi kizima cha Hisabati, kwa sababu mwanafunzi akizidisha 107 kwa 30,000 hupata ekari 3,210,000, akizigeuza kuwa hekta hukaribia milioni 1.3, na akitafuta sehemu ya Jimbo la Kusini hugundua kuwa lilipewa zaidi ya nusu ya mpango wote. Swali la kwa nini kazi ilianzia Kongwa, katikati ya Tanganyika, badala ya Kusini lina jibu la kijiografia: Kongwa ilikuwa jirani na reli iliyokuwapo, ilhali Nachingwea ilihitaji kwanza bandari na reli mpya, na ndiyo maana bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara na reli ikafikishwa Nachingwea. Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo Januari 1951 ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36, na reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960.

Kwa upande wa vyanzo, habari hii inafundisha jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka, nalo ni kupima nani anasema na alisema lini. Kitabu mashuhuri cha Alan Wood, The Groundnut Affair, kilitoka mwaka 1950, kabla mpango haujafutwa, na mwandishi wake alikuwa amefanya kazi katika idara ya habari ya shirika lililouendesha. Kina mengi ya ndani, lakini sauti za vibarua wa Kimwera, Kimakonde na Kiyao waliofyeka msitu zinasikika kwa mbali sana. Pengo hilo hujazwa na wazee wenyewe, na hojaji fupi ya maswali sita au saba, iliyoandaliwa darasani na kupelekwa kwao kwa heshima na kwa ridhaa yao, ni zana halali kama kitabu. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, linarahisisha kazi hiyo kwa kuwa mahojiano hayalazimiki kutafsiriwa. Mwalimu akitaka kuendelea mbele, jina la Farm 17 linamngoja: shamba la mradi wa karanga ambalo baadaye wapiganaji wa chama cha ukombozi cha Frelimo walilitumia kwa mafunzo hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Ni nadra kipande kimoja cha ardhi kubeba mada mbili za muhtasari.

Ruangwa ina utajiri wa namna nyingine. Chini ya ardhi yake kuna kinywe, madini ambayo wataalamu huyaita pia grafiti, na miradi ya Lindi Jumbo na Chilalo imelifanya neno hilo kuwa la kawaida vijijini. Kinywe ni kaboni, kama ilivyo almasi inayochimbwa Mwadui, Shinyanga. Kemia huziita sura hizo mbili za elementi moja alotropu. Katika almasi kila atomu ya kaboni imefungamana na nyingine nne, na hivyo almasi ni ngumu kupita kiasi. Katika kinywe kila atomu imefungamana na tatu tu, elektroni ya nne inabaki huru kusafiri, na atomu zimejipanga kwa matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine. Ndiyo sababu kinywe hupitisha umeme na pia huacha alama kwenye karatasi.

Jaribio la kuthibitisha hayo halihitaji maabara. Penseli huchongwa pande zote mbili, huunganishwa kwa nyaya na betri kavu tatu pamoja na taa ya LED iliyotolewa kwenye tochi mbovu, na taa huwaka. Ikiwa haikuwaka, ncha zake hugeuzwa, kwa kuwa taa ya aina hiyo hupitisha umeme upande mmoja tu. Waya ukihamishiwa kwenye mti wa penseli hiyo hiyo, taa huzimika. Lugha nayo hupata somo lake, kwani Kiswahili huiita penseli kalamu ya risasi, na ndani yake hamna risasi hata chembe: ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Kosa hilo si la Waswahili peke yao, maana Ulaya pia waliyadhani madini hayo kuwa aina ya risasi hadi Carl Scheele alipoonyesha mwaka 1779 kwamba ni kaboni. Kipande cha mwamba wenye kinywe kiombwe kwa barua kutoka kwa wahusika wa mradi. Wanafunzi wasipelekwe kuokota mawe kwenye mashimo.

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga ni elementi nyingine iliyoko ghalani tayari, ila vumbi lake huwasha macho na moshi wake ni sumu, hivyo itoshe kuonyeshwa ndani ya chupa iliyofungwa. Minada ya korosho ya vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, inafaa kwa Hisabati zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba tani 60 zimeuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo na tani 40 kwa shilingi 3,200, wanafunzi wengi watataja wastani wa 3,100, na jibu sahihi ni 3,080. Mzazi mwenye mikorosho ana sababu ya kutaka kuijua tofauti hiyo kabla malipo hayajaingia.

Linabaki suala la lugha na la utunzaji. Kwa kuwa masomo mengi ya sekondari hupimwa kwa Kiingereza, kila zana ya aina hii iambatane na karatasi moja ya istilahi kwa lugha zote mbili, ama sivyo mwanafunzi ataelewa kikonyo shambani na kukwama kwenye chumba cha mtihani. Na kwa kuwa zana nyingi huondoka na aliyezitengeneza, mwalimu anayesoma uchambuzi huu anaombwa aandike juu ya kila moja mahali ilipotoka, tarehe na mada inayoihusu, kisha aiache katika kabati la shule siku atakapopata barua ya uhamisho.