Birika la Ghorofani

Mzee aliinama juu ya birika, akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akasogea shubiri moja, akagonga tena. Aliuzunguka ukuta wake wote namna hiyo, polepole, kama mtu apigaye hodi kwa mgonjwa na hataki kumshtua. Palipokuwa chokaa bado imeshikana na jiwe, mlio ulikuwa mfupi, umekaza. Palipoachana, mlio ulirudi na uwazi ndani yake, naye akatia alama ya mkaa. Sisi tulimwita kwa ajili ya ufa mmoja, ule tulioweza kuuona. Alipomaliza kulikuwa na alama kumi na saba.

"Huo mlioniitia ni mdomo tu, mwanangu," alisema. "Ugonjwa uko huku."

Nilikuwa naikarabati nyumba ya bibi yangu, Lamu, mtaa wa Mkomani, baada ya kukaa imefungwa miaka sita. Birika ninalolisema si la chai. Ni hodhi la mawe na chokaa lililojengwa pembeni mwa choo, na choo kwa maana ya kwetu ndicho chumba cha kuogea pia. Letu liko ghorofani, kama yalivyo mengi, na lilikuwa linavuja kwa siri. Mchana hulioni tone. Usiku, nyumba ikitulia, unasikia maji yakitembea ndani ya ukuta kuelekea ghala la chini. Ukuta wa ghala ulikuwa umevimba, lipu ikitoka kwa magamba, na boriti mbili zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi kwenye ncha zake.

Kabla ya Mzee alikuja fundi mwingine, kijana mwenye bidii, ambaye aliziba ufa kwa saruji siku mbili, akalijaza, akaondoka. Simlaumu yeye; ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo wanavyofundishwa wote siku hizi. Wiki ya tatu maji yalirudi, sasa mara mbili. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe inayopakwa juu yake. Ukuta wa zamani hupumua, hunywa unyevu wa masika na kuutoa kaskazi ikivuma, na kwa kufanya hivyo husogea, kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Chokaa husogea nao. Saruji haisogei, hubaki pale pale mpaka iachane na jiwe, na maji yakishapita nyuma yake hayana tena pa kutokea. Chumvi hukusanyika humo, ikala ukuta taratibu. Nyumba ngapi za mji huu zimepakwa kijivu kwa nia ya kuziokoa, na sasa zinaoza zikiwa zimevikwa ganda gumu, zinapendeza kwa nje?

Kaka yangu, aliye Muscat, aliniletea kwenye simu picha ya bafu jeupe la dukani, refu kama jahazi dogo. "Livunje hilo la zamani, tuweke hili." Alikuwa na nia njema na fedha ilikuwa yake. Nilimjibu baada ya siku mbili, maana sikujua nianzie wapi. Bafu kama lile hunywa lita 150 kwa mtu mmoja, kwa mara moja, katika mji ambao maji yake matamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela na mchanga huo hauongezeki. Kisha mtu huingia ndani yake, akakaa, akajiosha kwa maji yale yale aliyokwisha kuyachafua. Birika si la kuingia. Maji ya birika hubaki safi kwa sababu hakuna mwili unaoyagusa: unayachota kwa kata, unajimwagia, yanapita, yanakwenda zake. Waliolijenga walikuwa watu wa udhu mara tano kwa siku. Walijua tofauti ya maji yanayokaa na maji yanayopita, na waliijenga tofauti hiyo ndani ya jiwe.

Kata yetu ilikuwa ya kifuu cha nazi, mpini wake mrefu umelainika kwa viganja vya watu ambao wengine sikuwahi kuwaona. Bibi aliitundika kwenye msumari wa mbao, juu kuliko mkono wangu, ili nisiweze kuoga bila yeye kujua. Baada ya magharibi aliniita. Chumba kilikuwa na giza lenye baridi, na taa ya kandili aliiweka kwenye kidaka. Mwanga ule haukufika mbali, lakini ulifika kwenye maji, na chini kabisa ya maji kulikuwa na bakuli.

Lilikuwa la kauri, la Kichina, limezikwa kwenye sakafu ya birika mpaka mdomoni, kana kwamba liliota hapo. Rangi yake ilikuwa samawati iliyofifia, na katikati palikuwa na ua ambalo sikuweza kuhesabu majani yake kwa jinsi maji yalivyolichezesha. Ndani ya birika waliishi samaki, wadogo kama kidole changu cha mwisho, watatu au wanne. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Na birika lilipooshwa, maji yakatolewa mpaka chini, samaki walishuka wote kwenye bakuli, wakangoja humo, juu ya ua lile, mpaka maji mapya yaje. Aliyelijenga birika aliwafikiria. Katika nyumba iliyokuwa na watu wa kulisha na wa kuvisha, fundi alikaa akafikiri samaki watakaa wapi siku ya kufagia, akawatengea chombo kizuri kuliko vyombo tulivyolia sisi.

Usiku mmoja nilichota bila kuangalia. Nilikuwa nimeshainua kata juu ya kichwa nilipohisi kitu kinapiga ndani yake, pigo dogo kama mshipa. Bibi alinishika kifundo cha mkono. Hakunigombeza. Aliishusha kata pamoja na mkono wangu, akaizamisha taratibu mpaka ikajaa, akaiinamisha, na samaki akatoka mwenyewe. "Usimmwage," alisema. "Mwachie mai ayajie." Bibi alisema mai, kama wasemavyo watu wa Lamu, na mpaka leo nikisikia neno maji likisemwa kamili naona kama ni kitu kingine, kitu cha bomba.

Watu wa pwani hii walijua kuyaweka maji ndani ya jiwe tangu zamani sana. Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, kuna hodhi la kuogea la pembe nane, la zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Gede, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, nyumba zilizomezwa na msitu zilikutwa na vyoo vyake na mahali pa kujioshea. Unguja, Sayyid Barghash alijenga Hamamni ili watu wa mji waoge. Sisemi haya kana kwamba zama hizo zilikuwa za haki. Maji mengi ya mabirika yalipandishwa ngazi na watumwa, na chokaa nyingi ilipondwa kwa mikono yao, na majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote. Hiyo kwangu ni sababu zaidi ya kutoivunja kazi yao kwa nyundo asubuhi moja.

Mzee alianza kwa kuondoa saruji. Alitumia tindo na nyundo ndogo, akiipiga kwa pembeni, na kila kipande kilipotoka alikigeuza kutazama kilichoshika mgongoni. Siku nne zilipita hivyo. Kisha akaomba vyungu vilivyovunjika. Nilidhani sikusikia vizuri. Alitaka vigae vya vyungu vya kupikia, vile vya udongo, na jirani zetu walivileta kwa makapu, vingine vikiwa bado na masizi. Alivitwanga kwenye kinu, akavichunga kwa chekeche, akapata unga mwekundu laini. Chokaa peke yake, alinieleza, hukauka kwa hewa, na ndani ya birika hewa ni adimu. Unga wa udongo uliochomwa huifanya ikaze hata penye majimaji. "Chungu kimeshajua moto na kimeshajua maji," alisema. "Kitamfundisha mwenzake."

Chokaa yenyewe ilitoka shimoni mwake. Haikuwa ya mfuko. Ilikuwa ya matumbawe yaliyochomwa Manda juu ya magogo yaliyopangwa duara, ikazimwa kwa maji, ikafukiwa chini ya mchanga uliolowa na kusahauliwa makusudi. Aliyoitumia kwetu ilikuwa na miaka mitatu shimoni. Punda aliileta kwenye madebe mawili, na Mzee alipofunua debe la kwanza alichovya kidole, akanipa nami nichovye. Ilikuwa laini kuliko siagi, baridi, haina hata punje. Nimeishi na nyumba za chokaa maisha yangu yote na sikuwahi kuigusa chokaa ikiwa bado hai.

Maana chokaa ina mwendo wa ajabu. Ilikuwa jiwe la bahari, moto uliitoa hewa yake ikawa kitu chepesi chenye hasira, maji yaliizima, na sasa, ikishapakwa ukutani, itaivuta ile hewa tena kutoka chumbani, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka, mpaka irudi kuwa jiwe. Ndiyo sababu ufa mwembamba kwenye chokaa huweza kujifunga wenyewe: maji yakipita humo huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha tena njiani. Kuta za zamani zimejiuguza hivyo mara nyingi, wala hatukujua kama ziliumia.

Lakini yataka kungojwa, na hapo ndipo nilipoona hasa ujuzi wa yule mzee. Kupaka alipaka haraka, kwa mwiko uliochakaa mpaka ukawa mwembamba kama jani. Kungoja ndiko kulikuwa kazi. Alipaka tabaka, akalifunika kwa magunia yaliyolowa, akaenda zake. Alirudi asubuhi na alasiri kuyalowesha, akiinua pembe ya gunia na kuweka kiganja juu ya lipu, kama mama anavyopima homa. Siku nyingine aligusa, akafunika tena, akaondoka bila kufanya lolote, na siku ile hakutaka ujira. Nilipomwambia apokee, alikataa: leo kazi aliifanya chokaa. Tabaka la mwisho lilikuwa la niru, jeupe, ambalo alilisugua kwa jiwe la ufukweni kwa siku mbili mpaka likaanza kurudisha mwanga wa dirisha. Bakuli hakuligusa. Alilizungushia chokaa mpya kwa ncha ya kidole, akilifuata mdomo wake wote bila kuinua mkono.

Zilikuwa wiki saba. Kaka yangu aliuliza mara tatu ni kwa nini. Katika wiki hizo saba, mtaani petu palisimama nyumba ya vyumba vinne ya mawe ya saruji, ikaezekwa, ikapakwa rangi. Siwezi kumwonyesha kwa picha ya simu mtu anayeweka kiganja juu ya gunia na kuondoka.

Mji wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kuna nyumba ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, ambamo mgeni huonyeshwa birika kama aonyeshwavyo kitanda na zidaka. Nafurahi kwamba ipo. Ila birika la kutazamwa na birika la kuogea si kitu kimoja. Lisipochotwa kila siku, hakuna atakayesikia linapoanza kuvuja.

Mzee alilijaza kwa hatua. Shubiri moja ya maji kwanza, mstari wa mkaa ukingoni, tukalala. Asubuhi maji yalikuwa yamekaa kwenye mstari. Shubiri ya pili, mstari wa pili. Siku ya tano lilijaa, na usiku ule nilikaa ghalani gizani, sikio langu likiwa ukutani, na ukuta ulinyamaza.

Nilitafuta samaki. Nilikwenda kwa majirani ambao mabirika yao nilikuwa nayajua tangu utotoni. Mengine yamegeuzwa makabati, moja limewekewa tangi la plastiki ndani yake. Hakuna aliyekuwa na samaki. Mwanamke mmoja wa rika la mama yangu alisimama mlangoni akafikiri kwa muda mrefu, akasema wa mwisho wao alikufa mwaka ambao bomba liliingia, kwa sababu ya dawa iliyotiwa majini, na hakumbuki ulikuwa mwaka gani.

Siku ya kuagana Mzee alinipeleka uani. Alikuwa amechimba shimo karibu na kisima, akamwaga humo chokaa yote iliyosalia kwenye madebe, akaifunika kwa mchanga na jamvi kuukuu. Aliniambia niwe naumwagia mchanga maji, usikauke, na kwamba nisiifungue kabla ya miaka miwili. Ikikaa kumi ni bora zaidi. Nilimuuliza atakayekuja kuifungua ni nani. Mwanawe, alisema, anamwaga zege kule bandari mpya, na ana mshahara, na ana watoto wa kusomesha. Alisema hivyo bila uchungu, akiosha mwiko wake. Kisha akaukausha kwa kanzu, akautia kwapani, akatoka.

Nyuma ya mlango wa choo, kwa penseli, nimeandika: hatua tatu kutoka kisimani, upande wa kibla, chini ya jamvi. Kila Ijumaa naumwagia mchanga ndoo moja.