Nimeshika Nakala ya 2000GT, na Mikono Bado Inatetemeka!

Mwenzangu, wewe keti, maana mimi siwezi kukaa! Nimetoka Okazaki, kule mkoa wa Aichi, nyumbani kabisa kwa Toyota, na viganja vyangu hivi vimepita juu ya boneti la Rocky 3000GT tangu puani mpaka kwenye kioo cha mbele. Refu! Laini! Linateremka, linajipinda, linapanda tena juu ya matairi taratibu mno, hata mkono haujui ubavu umeanzia wapi. Ni nakala ya Toyota 2000GT, kazi ya karakana iitwayo Rocky Auto, na nakwambia kwa moyo wangu wote: hilo ndilo gari la kununua. Hilo!

2000GT lenyewe unalijua, sivyo? Lile ambalo Toyota na Yamaha walilionyesha Tokyo mwaka 1965, kisha wakaliunda kati ya 1967 na 1970, magari 351 tu basi, dunia nzima! Lile lililoingia kwenye filamu ya James Bond, You Only Live Twice ya 1967, na Sean Connery kwa urefu ule hakuenea ndani, ikabidi mawili yaondolewe paa! Na wala si Bond anayeliendesha, ni Aki, yule dada jasiri, na anavyolichapa mwendo, we acha! Oktoba 1966 walilipeleka uwanja wa majaribio wa Yatabe, wakalikimbiza mchana kutwa usiku kucha kwa zaidi ya saa 70, na mwendo wa wastani bado ukapita kilomita 200 kwa saa. Wale waliodhani Wajapani wanajua vigari vidogo vya bei rahisi tu, wakanyamaza kimya! Na bado!

Na bado, kwa sababu utamu wote huo umefungiwa. Mwaka 2022 gari moja la 2000GT, lililokuwa la timu ya mashindano ya Carroll Shelby, lilipigwa mnada Marekani kwa zaidi ya dola milioni 2.5. Nani atalitoa barabarani gari la bei hiyo? Nani atakupa ufunguo? Ukienda makumbusho ya magari ya Toyota kule Nagakute, mkoa uleule wa Aichi, utalikuta limesimama chini ya taa, zuri, zuri, zuri la kukutoa machozi, na mikono yako utaiweka nyuma kwa adabu. Hufungui mlango. Husikii injini. Unapenda kwa macho, roho inawaka, unaondoka.

Sasa fika Okazaki. Unaambiwa: fungua. Fungua! Nilidhani sikusikia vizuri!

Paa halinifiki hata kifuani. Kuingia ni kuinama, kutanguliza makalio, kisha unazama, unazama, unadhani umefika kumbe bado, mpaka miguu imenyooka mbele kama umejilaza kwenye mkeka wa barazani. Kiti kinakubana mbavu kwa upole. Usukani ni mwembamba, mwembamba kweli, si ule mnene wa magari ya leo, na ukiushika kwanza ni baridi, kisha taratibu unapokea joto la kiganja chako. Mbele yako saa za duara, nyeusi, zenye mishale myembamba, zimezama ndani ya vishimo vyao. Katika gari la asili mbao za dashibodi zilitoka kwa Yamaha, watu wale wale wa piano, na humu ndani ukaaji wako, mpangilio, ukaribu wa kila kitu na vidole vyako, umefuata roho ileile. Halafu unainua macho, unaliona boneti lote limelala mbele yako, refu hilo, limetuna pande mbili, na katikati ya mituno hiyo ndiyo barabara yako. Nilicheka peke yangu. Nilicheka kwa sauti!

Na taa! Jamani, taa! Kuna zile kubwa za mviringo nyuma ya vioo, hizo zinakutazama muda wote. Halafu zipo nyingine zimejificha juu ya pua. Unabonyeza, zinaibuka! Zinaamka! Gari zima linabadilika sura, linakuwa na mshangao usoni, la kitoto, la kupendeza mno. Nikaomba zifungwe. Nikaomba ziibuliwe tena. Hakuna aliyenichoka, au kama walichoka walinistahi.

Sasa subiri, hujasikia kilichomo ndani. Ufunguo ukazungushwa, nami nilijiandaa kwa kikohozi, maana magari ya zamani ya kabureta lazima uyabembeleze asubuhi. Kikohozi? Wapi! Liliwaka palepale, kwa mkupuo mmoja, likatulia na mngurumo mzito, wa chini, ulio safi kabisa, nikausikia kwenye uti wa mgongo kabla ya masikioni. Ni 2JZ, rafiki yangu! Silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, lita tatu, ndiyo maana likaitwa 3000GT. 2JZ ile ile unayoijua kwenye Mark II, kwenye Crown, kwenye Aristo! Injini ambayo mafundi wa Dar es Salaam na Mombasa wanaifungua na kuifunga wakipiga soga, ambayo vipuri vyake ukishuka Gerezani, kule Dar, huanzi kueleza ni kitu gani. Fikiria uzuri wa 1967 umekaa juu ya moyo ambao fundi wa mtaani kwako anaufahamu kuliko kaka zake. Hapo ndipo nilipoishiwa maneno, mimi niliyejaa maneno!

Tukatoka nalo kidogo, mimi abiria. Likisukumwa linavuta mfululizo, bila pupa, bila kukurupuka, linakubana kwenye kiti kisha linazidi, linazidi, na ule mngurumo unapanda kuwa mwimbo. Kiyoyozi kinapuliza! Ndani ya umbo lile, hewa baridi usoni! Watoto wa shule wakasimama kando ya barabara. Mzee mmoja akavua kofia. Kisha manyunyu yakaanza, na ndani ya gari hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyekimbilia turubai. Vifuta-kioo vikawashwa, tukaendelea. Gari lenye umbo zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka Japani, linalowa mvua kama magari mengine, na linafurahi! Na bado!

Najua wapo watakaokunja uso waseme si la kweli. Nawajibu bila kuuma maneno: nakala inayodanganya jina, inayojibandika namba za gari lililokufa ili iuzwe kwa mamilioni, hiyo hata mimi siigusi. Hili halijiiti 2000GT. Limebeba jina lake, linakwambia injini yake, halifichi kitu. Satoru Nozaki alipochora ile mistari ya 2000GT hakuichorea dola wala kamba za makumbusho, aliichora ili iende mbio, na hapa inakwenda mbio. Kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo kwa mchoro, mimi siioni.

Kwa hiyo sikiliza, nakuomba. Pita Nagakute kwanza, litazame la asili mpaka ushibe, lizunguke, kariri kila mkunjo. Kisha shika njia ya Okazaki uketi ndani ya hili. Jaribu magoti yako, hasa kama u mrefu, maana Connery alituonya! Waambie waliwashe injini ikiwa baridi, na wewe simama nyuma, karibu na ekzosi, ufumbe macho. Ukiulizwa gia, sema za mkono, usiyumbe, raha ya kiganja kwenye kirungu kile hainunuliki mara mbili. Rangi mimi nimeshachagua, nyeupe, ile Pegasus ya enzi hizo, usiniguse. Wewe nyekundu inakufaa, nakuona kabisa ndani yake, kioo chini, kiwiko mlangoni! Haya inuka, pasipoti yako iko wapi? Inuka bwana!