Sifa za Mtunga Shanga

Mchoraji akihamia kwenye vidani, wenzake humwonea huruma. Husema ameshuka: ameacha sanaa, amekwenda kwenye mapambo. Nami niliiacha burashi nikashika keekee na tupa, na ninaona kinyume chake. Rangi ni mwalimu mpole. Ukikosea unangoja ikauke, unapaka juu yake. Jiwe halina msamaha huo. Likipasuka, limepasuka.

Anayedhani kazi hii ni ndogo na afike Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920. Yapo mashoka ya mkono ya takriban miaka milioni moja, mengine ya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkeno. Litazame moja kwa makini: upande huu umemegwa kidogo kidogo, na wa pili ukamegwa hadi ukalingana nao. Sidhani kuchuna mnyama kulihitaji ulinganifu wote huo. Aliyelichonga alikuwa na jicho.

Vidani vilikuja baadaye sana. Katika pango la Enkapune Ya Muto, kwenye ukingo wa Mau upande wa Naivasha, zilipatikana shanga za ganda la yai la mbuni za miaka kama 40,000. Kazi yake ni hii: ganda huvunjwa vipande, kila kipande hutobolewa katikati, kisha vipande hutungwa kwenye uzi uliokazwa na kusuguliwa juu ya jiwe mpaka pembe zote ziishe. Vingi huvunjika wakati wa kutoboa. Mkufu mmoja una nyuma yake rundo la vipande vilivyotupwa.

Mwaka 1938, Mary Leakey na mumewe, Louis yuleyule wa Kariandusi, walichimba pango la Mto Njoro. Mary alikuwa binti wa mchoraji, na yeye mwenyewe alianza kwa kuchora zana za mawe. Humo walikuta wafu waliochomwa kama miaka 3,000 iliyopita, na pamoja nao shanga za mawe, zikiwamo za akiki. Kisu cha kawaida hakiikwaruzi akiki, ila watu wale waliitoboa kabla chuma hakijafika Bonde la Ufa.

Tofauti ya kazi hizi mbili iko hapo. Mchoraji huongeza; mtunga shanga hupunguza, naye rangi haichanganyi, huitafuta ndani ya jiwe lenyewe. Kuiita kazi hiyo ndogo ni kutojua.

Basi, msomaji, ukipita Kariandusi, usiokote hata kipande. Mawe yale ni urithi unaolindwa na sheria. Lakini ukikutana na fundi aliyekitunga kidani kwa mkono wake, usivutane naye bei kama anayenunua fungu la nyanya. Wahenga walisema chema chajiuza. Kidani kilichowekwa kando ya plastiki ya kiwandani hakijiuzi. Kinahitaji mnunuzi anayejua anachokitazama.