Ufundi wa Kukimbia Polepole

Mwanamume aliyefika makamo, ambaye mvi zimeanza kumpenya kichwani na mshipi wake umekuwa ukisogea tundu moja nje kila Idi inapopita, aghalabu hulaumiwa kwa uvivu. Nami naiona lawama hiyo kuwa ni dhuluma. Mtu huyu huamka kabla ya jua, hushindana na foleni za asubuhi, hulipa karo za watoto wake na mara nyingi za watoto wa nduguye, huzika, huoza, husuluhisha, na jioni hurejea nyumbani akiwa bado na simu tatu za kujibu. Mvivu hayawezi hayo. Kinachomfunga mguu asitoke kufanya mazoezi ni haya, nazo ni haya za kuonekana akitweta mbele ya vijana wa mtaa aliokuwa akiwapa mawaidha jana, na nyuma ya haya hizo imejificha kumbukumbu ya kijana mmoja wa miaka 20, winga hodari wa timu ya mtaa, ambaye mwenye kumbukumbu anasadiki kuwa bado yumo ndani yake. Basi daktari anapomtisha kwa habari za shinikizo la damu, yeye hununua raba mpya, hutoka siku ya kwanza kwa kasi ya yule winga, na siku ya tatu hurudi akichechemea, raba zikaingia uvunguni. Nia alikuwa nayo, na ujasiri pia. Kilichompungukia ni ufundi, nao ndio ninaokusudia kuusifu hapa.

Mtu aliyeufanya ufundi huo ujulikane ulimwenguni alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu katika mji wa Auckland, nchini New Zealand. Jina lake Arthur Lydiard, naye alizaliwa mwaka 1917. Alicheza raga ujanani, akajiona mzima wa afya, hata siku moja mwenyekiti wa klabu ya riadha aliyemzidi umri alipomchukua mbio za maili tano, akarejea mapafu yakimwaka na miguu haimtii. Alikuwa hajatimiza hata miaka 30. Watu wengi wakipatwa na izara kama hiyo hutafuta udhuru, na siku ya pili husimulia kwamba walikula vibaya. Lydiard alijiuliza swali la mtu mzima, kwamba ikiwa hali yake ni hii leo, itakuwaje atakapoongeza miaka 20 mingine juu yake? Tangu hapo akajifanya yeye mwenyewe kuwa kipande cha majaribio. Kwa miaka mingi alikimbia, huku kazi ya viatu ikiendelea na familia ikimtegemea, safari nyingine akizidisha mno na safari nyingine akipunguza mno, ili aijue mipaka kwa miguu yake na si kwa kusimuliwa. Na matunda ya subira ile ni kwamba alitwaa ubingwa wa marathoni wa nchi yake mwaka 1953 na tena mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 35 na zaidi, ambao wengi katika zama zake waliuhesabu kuwa ni umri wa kukaa kitini na kutazama wengine.

Vijana wa jirani wakaanza kumfuata, naye akawafunza yale yale aliyojifunza. Tarehe 2 Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, wawili kati ya vijana hao walipata dhahabu katika muda usiozidi saa moja hivi: Peter Snell katika mita 800, na Murray Halberg, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umedhoofika kwa ajali ya raga, katika mita 5,000. Siku chache baadaye mwanafunzi wake mwingine, Barry Magee, akawa wa tatu katika marathoni ile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia aliishinda miguu mitupu. Ulimwengu ulistaajabia medali. Mimi hunistaajabisha zaidi kwamba mwalimu wao, aliyekwisha kupata fahari kama hiyo, aligeuka nyuma akawatazama wanaume wanene wa mji wake, wafanyabiashara na makarani wenye mioyo mibovu, akaona kwamba maarifa yaliyomfaa bingwa yangewafaa na wao, ila kwa kipimo kingine.

Kipimo chenyewe ni chepesi kukieleza na kizito kukitii. Kimbia kwa mwendo ambao waweza kuzungumza na mwenzio sentensi nzima pasipo kuikata kwa pumzi; ukishindwa kuimaliza sentensi, umekwenda mbio kupita haki yako, punguza. Waliokusudia kudharau watasema kwamba huo si mwendo wa kukimbia bali ni wa kuswaga mbuzi. Lakini tazama yanayotukia mwilini. Katika mwendo huo wa pole moyo hufanya kazi ya kutosha kuzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, mishipa midogo kama nywele huongezeka katikati ya nyama za miguu, na nyama zenyewe hujifunza kuunguza mafuta, yale yale ambayo mwenyewe amekuwa akiyalaumu mbele ya kioo. Na yote hayo hufanyika bila ya mwili kulemewa na uchovu ule unaohitaji siku tatu za kuugulia kitandani. Pumzi hurejea upesi, ndani ya majuma machache tu, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kano, na hasa ile kano nene iliyo nyuma ya kisigino, haiendi kwa haraka ya mapafu: damu yake ni chache, hukomaa kwa miezi, na kwa mtu wa makamo huchelewa zaidi. Mwenye pumzi mpya na kano za zamani ndiye majeruhi wa kawaida wa barabarani. Fundi viatu haivuti ngozi kavu juu ya kalibu. Huilowesha kwanza akaingoja, na sidhani kama ni bahati tupu kwamba mtu aliyeshinda kiwandani akiishika ngozi ndiye aliyefahamu kwamba mguu nao lazima ungojwe.

Mwaka 1962 kilianzishwa Auckland chama cha wanaume hao wakimbiao polepole, na kabla mwaka haujaisha akafika mgeni kutoka Marekani, Bill Bowerman, mwalimu wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, ambaye wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa maili duniani. Alikuwa na miaka 51. Lydiard alimkaribisha katika mbio za Jumapili, naye akakubali kwa wepesi wa mtu anayedhani kwamba kuwasimamia wakimbiaji ni sawa na kukimbia. Haukupita muda akaachwa nyuma, na aliyebaki ubavuni kumfariji, akimzungumzisha njia nzima, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekwisha kupatwa na shambulio la moyo si mara moja. Bowerman hakuificha aibu yake. Alikaa New Zealand akijifunza, akarejea kwao mwili umepungua, akawaita raia wa mji wa Eugene waje wakimbie pamoja naye, na mwaka 1967 akatoa, kwa ushirika na daktari wa moyo, kitabu kidogo juu ya mbio za pole kilichouzwa kwa nakala zaidi ya milioni moja. Kwamba huyu naye alikuwa mtengeneza viatu, na kwamba viatu vyake vilizaa biashara kubwa ambayo leo humwambia kila mtu aende kasi zaidi, ni kejeli ambayo namwachia msomaji aifurahie mwenyewe.

Wataalamu nao walikuwa wamekwisha kudokeza, kwa njia yao, kwamba juhudi ndogo ya kila siku huufaa moyo. Mwaka 1953 tabibu Jeremy Morris wa Uingereza alieleza habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi na kwa ukali zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima kukata tiketi. Mabasi yale yale, moshi ule ule. Kondakta hakuwa mwanamichezo. Alipanda ngazi tu, kila siku.

Kwetu sisi Afrika Mashariki mambo haya si mageni, ila tumejifunza upande mmoja. Mtoto wa shule ya Tanzania amekimbia mchakamchaka, akiimba huku akipiga mguu chini, na pale wimbo ulifanya kazi ile ile ya mazungumzo ya Auckland, maana asiye na pumzi hawezi kuitikia kibwagizo. Lakini mchakamchaka tuliuacha shuleni na jeshini, kana kwamba nidhamu ni sare ya kuvuliwa mtu akipewa cheti. Na tukiwatazama wakimbiaji wa Kenya, tunatazama mwisho wa mashindano tu. Aliyefika Iten au Kaptagat asubuhi ya siku nyepesi atakuta mabingwa wa dunia wakianza safari kwa mwendo ambao karani wa benki angeweza kuufuata kwa dakika chache, tena bila ya kuona haya. Eliud Kipchoge, aliyeweka rekodi ya marathoni ya saa 2 dakika 1 na sekunde 9 mjini Berlin mwaka 2022, alikuwa na miaka 37 siku hiyo. Sembuse mimi na wewe, ambao hakuna anayetungoja na saa mkononi?

Nidhamu ya kazi hii, kwa hiyo, haifanani na ile inayohubiriwa leo kwa matusi na kwa picha za vifua vilivyotuna. Kijana huhitaji kuhimizwa. Mtu wa makamo huhitaji kuzuiwa. Kujizuia siku ambayo miguu inataka kwenda ni kugumu kuliko kujikaza siku ambayo haitaki, na kupumzika kwa makusudi, bila ya kujiona mhaini, ni sehemu ya kazi. Anayeanza na atembee, akimbie kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, atembee tena. Ajipime kwa miezi wala si kwa siku. Na ikiwa kifua humbana au daktari ana neno, aanze kwa daktari. Naongeza nyama kidogo kwa wanaoona kwamba kutembea kunatosha: kunatosha kwa mengi, walakini nyama za mwili huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini, na kunyanyua kitu kizito mara mbili kwa juma, japo ndoo ya maji, hakumtoshi kijana lakini humfaa sana baba yake.

Limebaki suala la mwenzi, ambalo kwangu ndilo kubwa, kwa kuwa kipimo cha mazungumzo hakipimiki peke yako pasipo kuonekana una wazimu. Mtu asiyeamka kwa ajili ya nafsi yake huamka akijua kwamba kuna mwingine amesimama penye kona katika umande, na wanaume wawili waliokwenda pamoja maili mbili hupata kuambizana mambo ambayo barazani, penye kahawa na masikio ya wengi, yasingetamkwa: deni, mtoto aliyepotoka, uvimbe ambao hajaenda kuupima. Mwenzi huyo asiwe kijana, asiwe mwenye saa inayohesabu nyayo kwa sauti, na asiwe hodari kukuzidi. Nakushauri umtafute aliye mnene kidogo kuliko wewe, na umwache yeye achague mwendo.